Siku moja juu ya mkungu

Saa 10:30 alfajiri

Bega langu la kulia huamka kabla yangu. Ni mwisho wa Februari, joto la Dar halipungui hata usiku, na simu haziachi kuita tangu wiki iliyopita kwa sababu watu wameanza kuiogopa masika. Januari nzima tawi linaning'inia juu ya bati na hakuna anayeliona. Wingu likijikusanya upande wa bahari, kila mtu anamtaka fundi wa miti leo leo.

Kabla ya chai nakaa kibarazani na tupa. Chensoo ni msumeno wa mashine: ndogo inachukua tupa ya duara ya milimita 4.8, kubwa inachukua ya 5.2, na ukizichanganya unaliharibu jino badala ya kulinoa. Jino moja napitisha tupa mara tatu, kwenda mbele tu, namaliza meno yote ya upande mmoja ndipo nageuza. Upande mmoja ukizidiwa ukali, mashine inakata kwa kupinda kama ndizi na fundi anabaki kuilaumu mashine. Namna ya kujua cheni imekubali ni kutazama inachotema: ikitoa chenga nene, safi; ikitoa unga kama wa muhogo, imekufa, na hapo ndipo mtu huanza kuisukuma kwa nguvu. Ukimwona fundi anaisukuma chensoo, sogea mbali naye.

Kisha mafuta. Lita 5 za petroli, mililita 100 za oili ya tu-stroku, natikisa. Cheni nayo ina oili yake. Zamani niliiwekea oili chafu ya gari niliyopewa bure gereji, hadi pampu ilipoziba nikanunua nyingine kwa pesa ambayo ingenipa oili safi ya mwaka mzima.

Saa 12:00 asubuhi

Kirikuu la kukodi linatuchukua Mbagala kabla Barabara ya Kilwa haijafunga. Tuko watatu: mimi, mpwa wangu anayeshika kamba, na dogo mmoja aliyeanza Novemba ambaye bado naye anajifunza kusimama pale nilipomwambia asimame. Supu na chapati tunanunua njiani. Anayepanda mti hapandi na njaa, wala hapandi ameshiba.

Saa 1:20

Nyumba iko Mikocheni. Mwenye nyumba ni mama mstaafu, anatusubiri getini na kanga begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibuni. Huo hapo. Uunyoe kipara, nimechoka nao. Kila siku majani kwenye gata."

Mkungu mzuri, wa umri wangu pengine. Matawi yake yamekaa ghorofa ghorofa kama mikungu inavyopenda, na ghorofa mbili za chini zimelala juu ya bati. Nauzunguka mara mbili bila kushika kitu. Natazama mizizi kama kuna uyoga, maana uyoga chini ya shina mara nyingi ni ishara kwamba ndani kunaoza. Napiga shina kwa nyuma ya panga nikisikiliza kama lina pango. Natafuta nyuki. Natafuta nyaya: kuna waya unaotoka kwenye nguzo kuingia nyumbani, umepita mita nne hivi kutoka tawi la karibu. Zile za barabarani juu ya nguzo ni za volti 11,000, na mti unaozigusa mimi siupandi kwa bei yoyote. Huo ni wa TANESCO. Wazime kwanza.

Dogo anauliza kwa nini hatuanzi. Tumeshaanza, namwambia.

Halafu ndiyo kazi ngumu kuliko zote za siku, na haina mashine: kumshawishi mama mti usinyolewe kipara. Namweleza kwamba mti unakula kwa majani; ukiyaondoa yote unatumia akiba yake kuchipua kwa pupa. Yale machipukizi yanashikilia juu juu tu, hayakuzaliwa na mti kama tawi la kwanza. Yanakua haraka, yananenepa, na baada ya miaka michache upepo wa masika unayabandua kama magamba. Wakati huo kidonda cha juu kimeshapitisha maji ndani ya shina. Ananisikiliza huku anatazama gata. Tunaafikiana: niondoe matawi matano yaliyolala juu ya bati, nisafishe yaliyokufa, kilele nisikiguse.

Bei anasema ni kubwa mno kwa matawi matano. Aliyepita kabla yangu alitaka nusu yake, kwa mti mzima, na panga.

Saa 2:10

Kamba inapanda kabla yangu. Natupa kifuko cha mchanga kilichofungwa uzi mwembamba, kipite juu ya panda nene karibu na shina. Uzi unavuta kamba. Leo kimepita mara ya nne. Ziko siku kinapita mara ya kwanza na hakuna mtu wa kushuhudia.

Nimevaa kofia ngumu yenye wavu, mkanda wa kiunoni na mapajani, buti, na suruali ya kujikinga. Hiyo suruali ndani yake ina nyuzi ndefu zilizopangwa tabaka tabaka. Cheni ikiigusa, nyuzi zinachomoka zinajisokota kwenye gia na mashine inasimama. Niliipata mtumba, imefifia, na sina shida nayo. Ila kamba ya mtumba sinunui hata nikipewa kwa bei ya pipi. Suruali naweza kuifungua nione ndani kukoje, lakini kamba haikusimulii ilimwagikiwa nini huko ilikotoka. Juu ya kamba kuu kuna kikamba kilichofungwa fundo la prusiki: ukikiachia uzito kinauma, ukikisukuma kwa mkono kinateleza. Maisha yangu yote huko juu yamening'inia kwenye hiyo tabia moja.

Kupanda nilijifunza Mkuranga, kwenye minazi ya babu. Kitanzi miguuni, vidaraja vilivyochongwa kwenye shina, panga kiunoni, na hakuna kamba nyingine. Babu alinifunza kitu kimoja ambacho hadi leo nakitumia: kiota cha majimoto usikichome moto. Wale sisimizi wa juu ya mti wanauma kweli, lakini wanawafukuza wadudu wanaofyonza nazi changa na kuziangusha kabla ya wakati. Kukata nilijifunza mbali zaidi, Sao Hill kule Mufindi, kibarua kwenye misindano. Bwana miti mmoja aliyesoma Chuo cha Misitu Olmotonyi alinisimamisha mbele ya kisiki akanionesha mdomo, lile pengo la upande wa kuangukia, unavyokatwa, kina cha robo ya unene wa shina, na bawaba ya kuachwa katikati bila kukatwa, kama sehemu moja ya kumi. Bawaba ndiyo inauongoza mti. Ukiikata yote, mti unakwenda unakotaka wenyewe.

Tatizo ni kwamba elimu zote mbili zilinifikisha mjini nikiwa nusu fundi. Mnazi hauna matawi. Msindano una uwanja wa kuangukia. Mkungu wa Mikocheni una bati, tanki la maji, ukuta wa jirani na gari la jirani. Hapa hakuna kuangusha, kuna kushusha. Hilo nilijifunza kwa kuvunja vitu vya watu na kuvilipa.

Tawi la kwanza nalikata kwa mikato mitatu. Wa kwanza kutoka chini, sentimita 30 hivi mbele ya shina, ili likikatika lisichane gome hadi chini. Wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi linaondoka. Wa mwisho ni wa kuondoa kigutu, na huo nauchukulia muda kuliko mingine. Pale tawi linapotoka kwenye shina kuna uvimbe kama kola ya shati. Ukiacha kigutu kirefu kinaoza. Ukikwangua hadi usawa wa shina umekata kola, na kidonda hakifungi. Unakata nje tu ya kola. Kipande ninachokiacha hakizidi unene wa kidole gumba, na kutoka chini hakuna atakayekiona kamwe.

Saa 4:40

Tawi la tatu. Hili ni zito. Nimelifunga kamba ya kushushia, imepita juu ya panda na kurudi chini, ambako mpwa huizungusha kwenye shina mara tatu. Msuguano wa mizunguko hiyo ndio unamwezesha kijana wa kilo sitini kulishusha tawi linalomzidi mara mbili. Mpwa alikuwa amekwenda kunywa maji. Kamba alimwachia dogo.

Nikauliza, "Tayari?" Akajibu, "Tayari, kaka." Nikakata.

Mzunguko ulikuwa mmoja. Kamba ilikimbia, dogo akaachia (afadhali aliachia), tawi likashuka kama gunia, likapiga ukingo wa ukuta na kubingirika juu ya maua ya mama. Bati salama. Tanki salama. Dogo anatazama viganja vyake: glavu zimeungua mstari mweusi katikati, ngozi nzima. Nilizima mashine nikashuka. Sikumgombeza, kwa sababu niliuliza sauti badala ya kutazama shina. Kutoka pale nilipokuwa mizunguko inaonekana wazi, ni kuinamisha kichwa tu. Mama alitoka, akaona maua, akaguna, akarudi ndani. Ile guno niliisikia hadi saa sita.

Yaliyobaki mpwa alishika mwenyewe. Dogo nilimkalisha pembeni na kipande cha kamba, azungushe na kufungua, azungushe na kufungua.

Saa 6:30 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie wa kona. Jua limekaa utosini. Saa hizi sipandi. Mikono ikilowa jasho hata fundo unaloliamini unalirudia mara mbili.

Saa 8:00

Kazi ya chini ndiyo inayokula siku. Matawi manene tunayakata vipande, mama ntilie yule yule ameshatuma mtoto kuulizia kuni. Membamba na majani tunayakatakata kwa panga tunayamwaga kuzunguka shina kama matandazo, unene wa kiganja, ila yasiliguse shina lenyewe. Udongo unashika unyevu, na mimi sihitaji kulipia gari la kupeleka taka Pugu Kinyamwezi. Maua yaliyolaliwa nimeyapogoa na kuyafungia vijiti. Yatachipua, lakini leo yanaonekana kama yametoka vitani.

Mama anasimama katikati ya uwanja, anautazama mkungu. Bati liko wazi. Mwanga unapita. Anainamisha kichwa kushoto, kulia.

"Fundi, mbona mti ni ule ule?"

Katika miaka yote ya kazi hii sijui kama kuna maneno yanayonifurahisha kuliko hayo, na sijui kama kuna mteja hata mmoja aliyewahi kuyasema kwa nia hiyo. Amelipa, amekata kidogo kwa ajili ya maua. Sikubisha.

Saa 10:15 jioni

Msasani, nyumba ya pili: ukoka wa kufyeka na ua la bogenvilia lililomeza geti. Miiba, jasho, mkasi. Hakuna cha kusimulia.

Saa 2:00 usiku

Nyumbani. Nimeoga, nimekula, na sasa ninazo kamba kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na sabuni kidogo. Mchanga ukibaki ndani ya nyuzi unazikata polepole kama msumeno, kila siku kidogo. Redio inaongea. Naipitisha kila kamba katikati ya vidole, polepole, macho nimeyafumba kwa sababu vidole huona vizuri zaidi hivyo.

Ya kupandia iko sawa. Ya kushushia, kama mita kumi kutoka mwisho, kuna mahali pamekuwa laini. Naikunja hapo: haigomi, inakunjika kama utambi. Nafumbua macho, naona nyuzi za nje zimefanya manyoya. Ni ule ukingo wa ukuta.

Kamba haina hata mwaka. Nimekaa nayo mapajani muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha nikachukua panga nikaikata pale pale palipolainika, isije dogo akaiokota kesho akaona ni nzima.

"Hicho kipande unakitupa?" mke wangu akauliza kutoka mlangoni.

"Kifupi kichukue."

Akakipima kwa macho, kutoka nguzo ya kibaraza hadi mpapai, akaenda nacho. Kimetosha. Kesho atakianikia nguo.