Ukanda wa Mjomba

Mwaka 1987 nilikuwa namsaidia mjomba wangu, kinyozi pale Ngamiani, Tanga. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kazi yangu ilikuwa kufagia nywele, kuchota maji na kupiga povu la sabuni. Wembe wa kukunja sikuruhusiwa kuugusa. Ulikuwa wa Kijerumani, umegongwa neno Solingen karibu na pale unapokunjikia. Mjomba alisema hilo ni jina la mji, na ni kweli. Sheria ya Ujerumani inalilinda tangu 1938, lisigongwe kwenye visu na nyembe za mahali pengine.

Mchana mmoja wa mwezi wa Shabani mjomba alikwenda kuswali adhuhuri akaniacha peke yangu. Ukanda wake wa kunolea ulikuwa unaning'inia kwenye mkono wa kiti, na wembe ulikuwa mezani. Nilikuwa nimemtazama miezi mingi. Nikashika ncha ya ukanda, nikauvuta ukakaza, nikapitisha wembe kama nilivyodhani anafanya. Badala ya ule mlio wake wa paa, paa, uliokuwa unasikika hadi barabarani, nikasikia mkwaruzo mfupi, kisha kimya. Katikati ya ngozi palikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole gumba, umeinua mdomo.

Aliporudi sikuficha. Akapitisha kidole juu ya mpasuko, mara mbili.

"Umetanguliza makali," akasema. "Mgongo wa wembe ndio unaotangulia. Makali yanafuata nyuma. Na ukifika mwisho unaugeuza juu ya mgongo wake, makali yasigeukie ngozi kamwe."

"Nisamehe, mjomba."

"Nimeshakusamehe. Kesho utakwenda kutafuta ngozi nyingine. Wewe, si mimi."

Akachukua uzi wa katani akaufunga mafundo: moja la urefu, inchi ishirini, jingine la upana, inchi tatu. Ukanda wa zamani ulikuwa wa upana wa inchi mbili, na kwa kuwa ulimi wa wembe unakaribia inchi tatu, miaka yote alikuwa akiuvuta mshazari ili makali yaguse yote. Alikuwa amechoka na mshazari.

Asiyenyoa kwa wembe wa namna hii huenda akadhani ukanda ni pambo la kinyozi. Kinoo kinakula chuma. Mjomba alikitumia mara moja baada ya wiki kadhaa. Ukanda ndio wa kila kidevu. Makali yakishapita kwenye ndevu ngumu, ule ukingo wake mwembamba kabisa unalala na kupinda kidogo, na ngozi ndiyo inayounyoosha. Ukanda mbaya unaharibu wembe mzuri, na mteja anaijua habari hiyo shingoni.

Fundi viatu niliyetumwa kwake alikuwa mzee, amekaa chini ya mwembe na mafungu ya ngozi pembeni. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakunichagulia. Alinitandikia vipande vitatu mbele yangu akaendelea kushona.

Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye kile cheusi kinachong'aa. Mzee akakiinua, akakata ukingo kwa kisu chake, akanionyesha ndani: kijivu chenye kibuluu. "Hii imelainishwa kwa dawa ya kromu," akasema, "na juu imepigwa rangi. Pitisha kiganja." Nikapitisha. Kiganja kiliteleza kama juu ya kioo. Ukanda unatakiwa ushike kidogo, uuzuie wembe kama mtu anayekushika mkono bila kukubana.

Cha pili kilikuwa cha kahawia, kinene, laini, nami nikakipenda kwa unene wake. Mzee akakikanyaga ncha moja, akanipa nyingine nivute. Kikarefuka, na nilipoachia hakikurudi. Ngozi ya tumbo. Upande wa nyama ulikuwa na nywele-nywele zilizolegea, lakini mimi nilikuwa nimetazama upande mmoja tu. Ukanda wa hivyo unabonyea katikati, na wembe ukipita kwenye bonde hilo makali yanaviringika badala ya kunyooka.

Cha tatu nilikuwa nimekidharau. Kilikuwa na kovu kubwa la chapa ya moto, maana ng'ombe wetu wanachomwa alama, tena wanapita kwenye miiba na kupe. Lakini kilitoka mgongoni, kimelowekwa kwenye maji ya magome ya miti ya miwati, na nilipokata ukingo rangi ilikuwa ile ile ya kahawia hadi ndani. Nilikivuta, hakikutoa hata nusu inchi. Mzee akanyanyua macho kwa mara ya kwanza.

"Sasa fumba macho," akasema, "utafute pa kukata."

Nikafumba. Niliweka uzi wa mjomba juu ya ngozi, nikapitisha kiganja polepole kando yake. Karibu na fundo la juu nikahisi kijipu kidogo, kidogo kuliko punje ya mtama. Nikafumbua macho: hapakuonekana kitu. Nikafumba tena, kilikuwepo. Kovu la kupe. Nikausogeza uzi vidole viwili kuelekea uti wa mgongo, nikarudia. Safi, kuanzia fundo hadi fundo. Sijawahi, hadi leo, kuamini macho kuliko kiganja katika jambo hili, na nasikitika nikiona mtu ananunua ukanda kwa sababu ya mng'ao.

Mjomba aliupokea bila neno. Akafumba macho yeye pia, akaupapasa, kisha akaanza kuulainisha. Kila jioni baada ya kufunga alipaka povu zito la sabuni juu ya ngozi, akalisugua liingie kwa ubavu wa chupa tupu, tena na tena, hadi pakauke. Nyuma yake alishonea turubai, kwa sababu wembe unaanza huko, mara ishirini, ndipo unahamia kwenye ngozi, mara arobaini. Siku ya kuamkia Idi, foleni ikiwa imefika nje, ndiyo siku alipoutumia mara ya kwanza. Paa, paa. Mlio ulikuwa mzito zaidi kuliko wa ule wa zamani.

Ule wa zamani hakuutupa. Aliukata penye mpasuko, akapigilia kipande kirefu kwenye nguzo ya nyuma ya duka, akanipa kisu butu cha mezani. Mgongo kwanza. Nilivuta kisu hicho kila asubuhi hadi mwaka ukaisha, ndipo akaniwekea wembe mkononi.