Siku moja ya kazi: mchoro kutoka ghalani hadi ukutani

Saa 1 asubuhi. Tunaanza na vipimo vya ghala: joto nyuzi 20, unyevu wa hewa asilimia 50. Unyevu ukiyumba, mbao huvimba na kunywea. Rangi kongwe haiwezi kufuata, hupasuka.

Saa 2. Mchoro wa rangi za mafuta unasafiri leo. Taa zinazimwa, tochi inashikwa ubavuni, karibu ilale juu ya uso wa mchoro. Hapo kila kasoro hutoa kivuli: ufa mwembamba kama unywele, mbonyeo, rangi iliyoinuka kama gamba la samaki. Kila alama inapigwa picha, inapimwa kutoka kwenye kona na kuandikwa kwenye fomu. Rangi ikionekana imeinuka, safari inasimama mpaka mhifadhi, fundi wa kutibu michoro, aje. Kazi hii huchukua saa nzima, na inastahili.

Saa 4. Kufunga. Glovu ni za naitrili, aina ya mpira. Za pamba huteleza, na nyuzi zake hunasa kwenye rangi iliyoinuka. Karatasi laini hutangulia, kisha plastiki ya malengelenge, malengelenge yakitazama nje, maana yakikandamiza vanishi huacha miduara isiyofutika kirahisi. Ndani ya kasha, sponji ngumu ya sm 5 kila upande. Kifuniko hufungwa kwa skrubu, kamwe si misumari: kila pigo la nyundo hufika kwenye rangi.

Saa 6. Kupakia. Kasha husimama wima na kukazwa kwa mikanda. Ukililaza, turubai hupwitapwita kama ngozi ya ngoma njia nzima.

Saa 8 mchana, ukumbini. Tunafungua makasha yaliyofika jana, saa 24 zimetimia. Wenye maonyesho huwa na haraka, lakini hapa hakuna kupatana: kioo cha fremu kikiwa bado baridi, unyevu wa hewa ya ukumbi hugeuka umande juu yake.

Saa 9. Kutundika. Kitovu cha mchoro kiwe sm 150 kutoka sakafuni. Mchoro una kimo cha sm 90, na waya ukivutwa kwa vidole viwili, pale ndoano mbili zitakapokaa, unabaki sm 12 chini ya ukingo wa juu. 150 + 45 − 12: ndoano zikae sm 183. Wengi husahau kuuvuta waya, mchoro ukashuka. Ndoano moja haitoshi, fremu huenda upande kila mlango ukibamizwa.

Saa 11 jioni. Pimamaji juu ya fremu, kisha tochi tena ubavuni, fomu mkononi, alama moja baada ya nyingine. Hakuna mpya. Sahihi mbili.