Harufu Niliisikia, Jina Sikulijua

Miezi miwili baada ya mafua makali kunipita na kuniachia pua isiyosikia harufu sawasawa, daktari wa masikio, pua na koo aliniketisha mbele ya kasha la kalamu 12 zilizotiwa harufu badala ya wino. Kipimo hicho kilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1990: kalamu hufunguliwa na kusogezwa karibu na pua, kisha anayepimwa huchagua jina moja kati ya manne. Nilipata 5, na kwa kuwa hata anayebahatisha tu hutarajiwa kupata 3, nilivunjika moyo.

Kulikuwa, hata hivyo, na jambo lililonikera. Kalamu mojawapo ilikuwa na harufu nzito yenye utamu wa ajabu, na daktari aliponiuliza kama nimeisikia, nilimjibu, "Nimeisikia vizuri, daktari, ila sijapata kukutana nayo." Ilikuwa ya mzizi mtamu ambao Ulaya hutengenezewa peremende nyeusi. Alinieleza kwamba kipimo cha kutambua harufu hakipimi pua peke yake, bali hupima pia kumbukumbu na msamiati. Ndiyo sababu kipimo mashuhuri cha Marekani cha mwaka 1984, chenye harufu 40 zikiwamo za pai ya maboga, hubadilishwa baadhi ya harufu zake kinapopelekwa kwa watu wengine.

Kwa idhini yake, niliamua kujitengenezea kipimo cha nyumbani chenye harufu ninazozijua, si kwa ajili ya kujitibu, bali nipate jambo la kumwonyesha. Kazi kubwa ilikuwa kuchagua harufu. Nilidhani kila nilichokizoea kingefaa, lakini mke wangu na shemeji yangu, ambao pua zao ni nzima, walipofungwa macho walishindwa kuutambua mchele mkavu na hata chai, nami nikaviondoa, kwani harufu inayomshinda mzima haiwezi kumhukumu mgonjwa. Zilibaki 12, zikiwamo kahawa, limau, mdalasini, kitunguu saumu, samaki mkavu na sabuni ya kufulia. Kila moja niliitia katika kichupa kisichopenyeza mwanga na kuifunika kwa pamba. Majina ya kuchagulia yalinisumbua zaidi ya nilivyotarajia: ukiweka limau na chungwa katika swali moja unamtega mtu bure, na ukiweka jina asilolijua ataliondoa bila hata kunusa.

Mke wangu ndiye aliyenipima, akipumzika nusu dakika kati ya kichupa na kichupa ili pua isichoke. Nilipata 9, naye na nduguye walikuwa wamepata 12 na 11. Furaha yangu ilipungua daktari alipoikagua orodha na kukikuta kichupa cha mnanaa. Mentholi iliyomo, alisema, huichochea pia neva ya hisia za uso, tofauti na ile ya harufu, inayohisi ubaridi na mwasho, kwa hiyo hata asiyesikia harufu kabisa anaweza kuutambua mnanaa kwa ubaridi wake. Nilikiri kwamba ndivyo nilivyoutambua. Tukaufuta, nikabaki na 8 kati ya 11.

Baada ya hapo alinipima kwa njia isiyohitaji jina lolote: kalamu tatu kwa mkupuo, moja tu ikiwa na harufu, nami nikitakiwa kusema ni ipi, huku nguvu ya harufu ikibadilishwa hatua kwa hatua. Ilionekana kwamba pua yangu imedhoofika kweli, ingawa si kwa kiasi kilichodokezwa na ile 5 ya kwanza. Sasa ninafanya mazoezi ya kunusa waridi, limau, karafuu na mkaratusi asubuhi na jioni, na kipimo changu cha nyumbani ninakirudia kila baada ya wiki nne, mpangilio wa vichupa ukibadilishwa na mke wangu bila mimi kuujua.