Siku Gari Lilipochemsha Mikumi

Jumanne iliyopita, kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro pale Kimara, gari dogo lililokuwa mbele yetu lilichemsha. Mvuke ulianza kutoka taratibu pembeni mwa boneti, kisha ukafumka kama wa sufuria iliyofunuliwa ghafla, na harufu yake ikatufikia kabla sijapandisha kioo: ile harufu tamutamu ya maji ya rejeta yaliyotiwa dawa, na nyuma yake harufu ya mpira uliopata moto. Binti yangu, aliyekuwa ameinamia simu tangu Mbezi, aliinua uso.

"Baba, hivi babu aliogopa siku ile?"

Hakuhitaji kuitaja siku yenyewe. Kwetu "siku ile" iko moja tu, nayo ni Jumamosi ya Agosti 2012 tulipokwenda Mikumi na gari la bluu, lile ambalo wengi wenu mlilipanda na baadhi yenu mlilisukuma. Wakati huo yeye alikuwa na miaka saba, na siku zote nilidhani kilichobaki kichwani mwake ni twiga na usingizi wa njiani.

Wazo la safari lilikuwa la mke wangu, aliyeona ni aibu kwa watoto waliozaliwa Dar es Salaam kuwajua tembo kwa michoro ya kwenye madaftari, ilhali hifadhi yenye ukubwa wa kilometa za mraba 3,230 iko mwendo wa kama kilometa 300 tu, tena kwa barabara ya lami kutoka mlangoni kwetu mpaka getini. Wazo la kumchukua mzee lilikuwa langu. Baba alikuwa amepita Mikumi mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, lakini hakuwahi hata siku moja kuingia.

Mnamjua mzee, kwa hiyo sitarefusha. Alianza kama utingo mwaka 1968, wakati njia ya kwenda Zambia ilikuwa bado ya udongo na malori yalikuwa yakipishana humo mchana na usiku yakiwa na mapipa ya mafuta, kwa sababu walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru wao Novemba 1965 na njia ya kusini ya Zambia ikawa mashakani. Hifadhi yenyewe ilikuwa na miaka minne tu tangu itangazwe mwaka 1964. Lami ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye alikwisha kushika usukani, na tangu hapo mpaka alipostaafu alizikata zile kilometa 50 za barabara kuu zinazopita katikati ya hifadhi kila wiki, mara nyingi usiku, akiwaona wanyama kama jozi za macho yanayong'aa pembeni mwa taa zake. Kwa abiria wa mabasi, Mikumi ni mahali ambapo basi hupunguza mwendo na walio upande wa dirisha hupiga kelele za "twiga!" huku walio upande wa pili wakiinuka na wasione kitu. Kwa baba ilikuwa ni sehemu ya kazi iliyo kati ya Morogoro na mlima Kitonga.

"Nyinyi mnalipa muwatazame," alisema nilipomweleza mpango wetu. "Mimi nililipwa nipite upesi."

Hata hivyo, tulipofika kumchukua saa kumi alfajiri, tulimkuta barazani amekwisha kuvaa koti, na ule mfuko wake wa turubai uko miguuni.

Njia haikuwa na jambo, isipokuwa kwamba kuanzia Chalinze niliendesha kwa amri, nikiambiwa wapi nipunguze gia na lori gani nisilipite. Baada ya Doma alinyamaza. Tulipoingia kwenye eneo la hifadhi, ambako mwendo usizidi kilometa 70 kwa saa, alianza kukisoma kwa sauti kibao kinachotaja faini ya kila mnyama anayegongwa, mnyama mmoja baada ya mwingine, kama karani anayesoma orodha ya wadaiwa.

"Zamani walikuwa bure," alisema, na sikujua kama huo ulikuwa utani.

Asubuhi ilikwenda kama asubuhi za hifadhini zinavyokwenda. Tuliona swala pala mpaka watoto wakawachoka, tukaona pundamilia na nyumbu wamechanganyika kama majirani wasiosalimiana, tukaona ngiri akikimbia mkia ukiwa juu, na kwenye bwawa la viboko tukakaa saa nzima kutazama migongo. Baba alikuwa mpole, na kwa maoni yangu alikuwa amechoshwa. Kitu pekee kilichomwamsha kilikuwa lori lililopita mbali kule barabara kuu, ambalo alilisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema dereva wake amechelewa kubadili gia.

Sindano ya geji ya joto ilianza kupanda tulipoliacha bwawa. Niliiona, nikajifanya sijaiona, kwa sababu ileile inayotufanya wenye magari ya zamani tuongeze sauti ya redio tunaposikia mlio tusioujua. Kwenye uwanda wa Mkata, saa kumi na moja kasoro jioni, mvuke ukatoka na ikanibidi nizime injini papo hapo, katikati ya njia ya vumbi, nyasi za kiangazi zikiwa zimetuzunguka kwa rangi moja mpaka kwenye vilima. Hapakuwa na gari jingine. Kanuni ya hifadhi sote tulikuwa tumeisoma getini: abiria hashuki ila mahali palipoonyeshwa, na pale palikuwa hapajaonyeshwa chochote.

Tembo tuliwaona baada ya injini kunyamaza, kana kwamba ni kelele yetu iliyokuwa imewaficha. Binti yangu aliwahesabu kumi na mmoja. Kaka yake akashikilia kuwa ni kumi na wawili, kwa kuwa mmoja alikuwa mdogo kiasi cha kutembea chini ya tumbo la mama yake na kuonekana kwa miguu tu. Walikuwa wakija upande wetu bila haraka. Wanang'oa tita la nyasi, wanalipiga kwenye mguu wa mbele ili mchanga utoke, wanalitia kinywani, wanasogea. Ile njia tuliyosimama ilikuwa imekatiza mapito yao, wala hawakuonekana kuwa na mpango wa kuyabadili kwa ajili yetu.

"Pandisheni vioo," alisema baba. "Polepole. Na asiseme mtu."

Tulipandisha. Ndani ya gari kukawa na joto la pumzi za watu watano, na nje chuma cha injini, kilichokuwa kikipoa, kikawa kinalia tik, kimya, tik, kwa sauti ambayo siku nyingine nisingeisikia kabisa. Wa kwanza kutufikia alikuwa jike kubwa, la kuongoza kundi, mwenye sikio la kushoto lililochanika kama ukingo wa gazeti. Alisimama mbele ya boneti. Nilitegemea mshindo wa miguu, lakini miguu ile ilikuwa ikitua kama mito. Nilichokisikia ni ngozi yake ikisuguana yenyewe, mlio mkavu kama wa turubai linalokunjwa. Aliinua mkonga na kuuelekeza kwenye mvuke, akainusa ile harufu tamu, akaurudisha, akainusa tena. Kutoka kati ya jicho na sikio lake ulitelemka mfereji mweusi wa unyevu uliokuwa umeshika vumbi. Kope zake zilikuwa ndefu kupita kiasi, na jicho lililokuwa ndani yake lilitutazama, au lilitazama tu kioo, sitajua kamwe. Kisha akakunjua masikio yote mawili, na jua la jioni likaondoka usoni mwetu.

Nilitaka kumtazama baba, maana ndiye aliyekuwa mzoefu wetu. Uso wake haukuonyesha kitu. Macho yangu yakashuka, ndipo nikauona mguu wake wa kulia. Alikuwa ameukandamiza kwenye zulia la gari kwa nguvu zake zote, mahali ambapo upande wangu pangekuwa na breki, mpaka goti lilikuwa likitetemeka. Gari lilikuwa limesimama robo saa nzima.

"Pita, mama," alisema kwa sauti ya chini sana. "Pita tu, mama."

Jike lile liliteremsha masikio, likatuzunguka kwa upande wa dereva kwa karibu kiasi kwamba niliona nyasi zilizonasa kwenye mikunjo ya goti lake, na wengine wakafuata, nusu upande huu na nusu upande ule, kama maji yanavyopita jiwe. Yule mdogo alisimama kidogo kwenye taa ya nyuma, akaigusa, akakimbia.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Walipokwisha kufika mbali nilishika kitasa ili nishuke, na baba akaniwekea mkono kifuani.

"Kaa humo. Leo utingo ni mimi."

Alishuka na mfuko wake. Alifunua boneti, hakugusa kifuniko cha rejeta, akasimama mikono nyuma akiitazama injini kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kulia. Nilivumilia dakika tano, kisha nikashuka nikasimama karibu naye, tukawa wakosaji wawili. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka kwa urefu wa kidole. Kutoka mfukoni alitoa utepe wa tyubu ya baiskeli, ambao nadhani alikuwa akitembea nao tangu kabla sijazaliwa, akaanza kuuviringisha akiuvuta kila mzunguko, na alipokuwa akiviringisha akanisimulia tena kile kisa cha masika ya 1969.

Kisa chenyewe mmekisikia, maana alikisimulia kila arusi: lori limekwama matopeni kabla ya Mikumi, simba amelala chini ya tela mpaka alfajiri, dereva na utingo wamejibanza ndani na haja ndogo wameimalizia kwenye debe. Siku ile, mikono ikiwa na grisi, aliongeza kipande ambacho sikuwahi kukisikia. Kabla ya alfajiri lori lilianza kurudi nyuma, na dereva akamwambia ashuke akaweke jiwe kwenye gurudumu.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Na simba?"

"Si nimekwambia alikuwepo? Ndiyo maana nilishukia upande wa pili."

Alicheka, nami nikacheka, ingawa sikuona vizuri tulichokuwa tunakicheka. Tulimimina maji yote ya kunywa tuliyokuwa nayo kwenye rejeta. Askari wa hifadhi walitukuta tunafunga boneti, na mmoja wao, kijana mwenye adabu, akasema kwa masikitiko kwamba mzee anajua hairuhusiwi kushuka mahali pale.

"Najua, afande," baba alijibu. "Mimi ni mwenyeji."

Walitusindikiza mpaka getini tukiwa na kiu, tukalala Mikumi mjini, na fundi tuliyempata asubuhi aliutazama ule utepe, akaubonyeza, akakataa kuufungua. Alisema utatufikisha Dar. Ulitufikisha.

Baba aliishi miaka mitano zaidi na sikumwuliza kuhusu ule mguu. Nilijiambia kwamba ni mazoea: dereva wa miaka mingi hukanyaga breki hata akiwa abiria, na mke wangu hufanya hivyo bila kuwa dereva. Nilijiambia pia kwamba mtu aliyeogopa hashuki. Lakini kila nikikifikiria kile kisa cha 1969 naona kwamba hoja yangu ya pili haina miguu, kwani aliwahi kushuka akiwa na hofu, tena kwa sababu aliyeagizwa ni yeye. Tangu wakati huo tumekwenda Saadani, ambako hifadhi inaishia baharini, na tumekwenda Udzungwa, ambako mtu huingia kwa miguu yake na binti yangu anapapenda, kwa maelezo yake, kwa kuwa hakuna rejeta. Mikumi hatujarudi. Tunapita.

Pale Kimara, dereva wa gari la mbele alikuwa ameshuka na kufunua boneti. Alikuwa kijana, shati limeloa mgongoni, na alikuwa akikunja kitambaa mkononi tayari kukamata kifuniko. Nilishusha kioo.

"Kaka, usifungue! Iache ipoe kwanza!"

Alinitazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Hujanijibu," alisema binti yangu.

"Sijui. Labda aliogopa."

"Alinyoosha mkono nyuma akanishika," alisema. "Wakati yule mkubwa amesimama. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na gari lilikuwa la moto kweli." Alifikiri kidogo. "Lakini mimi nilidhani ananishika kwa sababu naogopa mimi."

Magari ya nyuma yalianza kupiga honi. Nililizunguka lile gari kwa upande wa kulia, polepole, na foleni ikatuchukua.