Bi Mkubwa Alipoitwa Mkunguni

Mwaka wa 2001 UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia, na kwa miezi mingi mazungumzo ya barazani yakawa ni kuta za matumbawe, zidaka za ukutani na milango ya nakshi. Wageni walikuja wakapima, wakapiga picha. Ndipo wazee na vijana wa mtaa wetu, Langoni, walipokubaliana kwamba Mfungo Sita ukifika, mji ukiwa umejaa watu wa Maulidi, uwepo usiku mmoja wa kuwatukuza, kwa cheti na zawadi, watu walioutumikia mji. Nyumba zilikuwa zimeshapata heshima yake.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ulisifiwa, basi nikapewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuandika wasifu wa kila mmoja, usomwe mbele ya Ngome. Fundi wa mashua wa Matondoni alinitajia vyombo vyake kimoja baada ya kingine, na mbao zake. Mwalimu wa chuo cha Kurani alinitajia wanafunzi. Nahodha mmoja alinieleza habari za kuwaleta wajawazito usiku kutoka kisiwa cha Pate, na namna mlango wa bahari wa Mkanda usivyopitika mpaka maji yajae, mgonjwa anaugua na wewe umekaa unangoja bahari. Karatasi zao zilijaa upesi.

Jina la Bi Mkubwa lilikuwa limeletwa na wanawake, na halikupita kwa urahisi. Alikuwa muosha maiti. Mzee mmoja alisema kazi ile ni ya thawabu, haifai kupigiwa kipaza sauti. Mwingine akasema watu wamekuja kufurahi, wasikumbushwe mauti. Mimi naamini sababu ilikuwa nyingine: tulimwogopa. Watoto tuliambiwa tusimkimbilie njiani, na niliwahi kumwona mwanamke mtu mzima akilizungusha sinia la pilau ili asile upande mmoja naye. Lakini msiba ukitokea usiku wa manane, mlango wa kwanza kugongwa na wanawake ulikuwa wake. Hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo.

Nilimkuta amekaa mkekani anachambua mchele. Nikambusu mkono, nikamweleza nilichotumwa. Nikamuuliza ameosha wangapi.

"Sihesabu."

Nikamuuliza msiba gani ulimwia mgumu zaidi. Akaacha mchele, akanitazama.

"Mwanangu, niliyoyaona ni amana. Aliyelala pale hana ulimi wa kunizuia. Nikisema, nimemdhulumu."

Nilikaa na karatasi tupu. Kisha yeye mwenyewe akaanza kunieleza, si habari za watu, bali kazi yenyewe, na hapo hakuchoka. Zamani, katika nyumba za mawe, maiti alioshwa nyumba ya kati, kule ndani kabisa. Siku hizi panatafutwa pembe, panafungwa pazia, unachimbwa ufuo, yaani shimo, chini ya kitanda ili maji yapate pa kwendea. Majani ya mkunazi yapondwe yatoe povu. Mkono wa muosha ufungwe kitambaa, na nguo isiondoke kitovuni hadi magotini hata kama ndani mmo wanawake peke yao. Huanza upande wa kulia na viungo vya udhu. Mara tatu, asipotakata, tano. Maji ya mwisho yatiwe karafuu maiti. Nywele za mwanamke zisukwe mikia mitatu, ilazwe nyuma. Bafta ya mwanamke ni vipande vitano, ya mwanamume vitatu, na kitambaa kikipungua, ni muosha anayekwenda kugonga milango ya jirani, maana wafiwa hawana akili ya kuhesabu nguo saa ile.

Haya nilikuwa nimeyasikia nusu. Bibi yangu alioshwa naye. Nilisimama nje ya pazia nikisikia maji, na katikati ya maji sauti yake, ya chini, akimwambia bibi: "Sasa takugeuza, Bi. Sasa nakuinua kichwa." Alizungumza naye muda wote, kama mtu anayemwogesha mgonjwa wake. Nilipomkumbusha, alitikisa kichwa tu.

Nikamuuliza basi tusome nini usiku ule.

"Cheti wapani mafundi," alisema. "Mimi nipani wana wawili. Kata ikijaa mayi, mkono wangu watetema. Muosha huoshwa, na mimi sijui wa kuniosha."

Nilirudi kikaoni nikawaambia hivyo hivyo. Hawakubishana tena. Zile pesa za cheti chake na zawadi yake zikanunua jora la bafta na karafuu maiti, viwekwe kwa ajili ya wasiojiweza, na mzee aliyekuwa amepinga ndiye aliyelibeba jora begani kutoka dukani.

Usiku wenyewe upepo wa kusi ulikuwa mkali, na nusu ya maneno ya kipaza sauti yalichukuliwa. Ngome, ambayo hadi 1984 ilikuwa gereza, ilizungushiwa taa, na uwanja wa Mkunguni ukajaa hadi chini ya miti. Wasifu wa fundi ulipigiwa makofi, wa nahodha ukapigiwa vigelegele. Karatasi ya Bi Mkubwa ilikuwa fupi kuliko zote: kwamba amewaosha mama zetu na bibi zetu, kwamba hajasema neno juu ya hata mmoja wao, na kwamba anatafuta wanawake wa kuwafundisha, mlango wake u wazi baada ya alasiri. Yeye hakupanda jukwaani. Alikaa na wanawake ukutani, amejifunika buibui, na mwanamke aliyekuwa karibu naye akamshika mkono na kuubusu, kisha mwingine, kisha wakapanga foleni.

Siku ya kwanza ya mafunzo walikuja wengi kuliko alioomba, na mimi nikaja na daftari langu. Akaniambia, "Weka kalamu. Shika kata." Binamu yangu alilazwa kitandani awe maiti wetu, amefunikwa leso mbili. Nilipomwagia maji mguu wa kulia na kupitisha kitambaa unyayoni, alicheka mpaka kitanda kikatikisika, na sote tukacheka, Bi Mkubwa naye akifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Maiti hatekenyeki," alisema alipotulia, "lakini wewe muoshe kama anayetekenyeka."

Kisha akakagua, akaona mgongo haujapata maji sawasawa, akanitaka nimgeuze binamu yangu kwa ubavu wa kushoto na nianze upya, na safari hii nimwambie kabla sijamgeuza.