Ryzen 5 5600X: nilivyopandisha kasi kwa kushusha volti

Prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600X, ina kasi ya msingi ya gigahezi 3.7 na hujipandisha yenyewe hadi 4.6. Wengi wakitaka kuiovakloki (kuipandisha kasi kupita ya kiwandani) huingia BIOS, menyu ya mipangilio ya ubao mama, wakapanga kasi moja kwa viini (core) vyote sita, wakaongeza volti, kisha wakahangaika na joto. Mimi nilishusha volti, kasi ikapanda yenyewe.

Siri iko kwenye hesabu. Wati zinazoliwa na prosesa hufuata kasi mara volti mara volti tena. Ukitoka volti 1.35 hadi 1.25 kwa kasi ileile, wati hupungua kwa takriban asilimia 14. Prosesa hii ina ukomo wa wati 76, ambao BIOS inauita PPT, na ikipata nafasi chini ya ukomo huo inaijaza kwa kujiongezea kasi.

Kabla ya kugusa chochote nilipima. Chumba kilikuwa na nyuzi 30, kipoozeo ni cha mnara chenye feni moja ya milimita 120. Niliendesha Cinebench R23, programu ya kuibana prosesa, kwa dakika 10 huku HWiNFO, programu ya kusoma vipimo, ikirekodi: gigahezi 4.35 kwa viini vyote, nyuzi 73, wati 76. XMP, mpangilio wa kuiendesha RAM kwa kasi kubwa, niliizima, maana RAM ikikosea utailaumu prosesa bure.

Ndani ya BIOS nilifungua Precision Boost Overdrive (PBO), menyu ya mipaka ya kujiongezea kasi, nikachagua Advanced. PPT 76, pamoja na mipaka ya ampea, TDC 60 na EDC 90, nikaziacha za kiwandani, Scalar ikabaki 1X. Kazi yenyewe iko Curve Optimizer, sehemu ya kurekebisha volti za viini kwa hatua, upande wa Negative, yaani kupunguza. Hatua moja ni kama milivolti 3 hadi 5, na mwisho wake ni hatua 30. Kama menyu hiyo haipo, sasisha BIOS. Za kabla ya mwisho wa 2020 hazikuwa nayo.

Nilijaribu kwanza hatua 30 kwa viini vyote. Cinebench ikapita bila shida, lakini kompyuta ikajiwasha upya nikiwa nimefungua kivinjari tu. Hapa ndipo wengi hupotea. Viini vyote vikibanwa na kazi nzito, kasi haifiki kileleni, kwa hiyo volti hutosha. Kazi ikiwa nyepesi, kiini kimoja hurukia kasi ya juu kabisa, na volti iliyokatwa haikitoshi. Kwa hiyo jaribio la mzigo mzito peke yake halithibitishi kitu.

Nikahamia mpangilio wa kiini kimoja kimoja, nikitumia CoreCycler, ambayo huendesha hesabu nzito za Prime95 kwenye kiini kimoja kwa zamu na kukutajia kilichoshindwa. Niliiweka itumie maagizo ya SSE badala ya AVX yaliyo mazito zaidi, kwa sababu joto huwa dogo na kiini hufika kasi ya juu zaidi. Dakika 20 kila kiini, halafu usiku mzima. Kiini kikishindwa, nakirudishia hatua 3. Viini viwili ambavyo HWiNFO inavionyesha kuwa bora ndivyo vilivyogoma mapema: kiwandani vimeshapewa volti ndogo, kwa hiyo ziada ya kukata ni kidogo. Vikaishia hatua 12 na 15, vingine vinne vikakaa kati ya 24 na 28.

Kwa majaribio ya usiku UPS (betri ya akiba) ni lazima. Umeme ukikatika, Event Viewer, daftari la matukio la Windows, itaandika Kernel-Power 41, na prosesa ikianguka utaikuta hiyohiyo. Tafuta WHEA-Logger namba 18, rekodi ya hitilafu ya maunzi, karibu nayo. Ukiiona, mara nyingi volti ndiyo haitoshi.

Kitu kingine cha kuangalia ni mstari wa Effective Clock, yaani kasi halisi, kwenye HWiNFO. Kupunguza volti kwa offset ya jumla ya ubao mama (kiasi kimoja kwa prosesa nzima) kunaweza kuonyesha gigahezi nzuri kwenye skrini huku alama za Cinebench zikishuka, kwa sababu prosesa inanyoosha mapigo ili isianguke. Kasi hiyo ni ya picha tu.

Matokeo kwa wati 76 yalikuwa gigahezi 4.55, lakini joto lilishuka nyuzi moja tu. Si ajabu: wati ni zilezile, na kipoozeo hakijali zimetumikaje. Anayetaka baridi lazima ashushe PPT. Niliweka 65, nikapata gigahezi 4.42 kwa nyuzi 66, bado juu ya kasi ya kiwandani. Hapo ndipo nilipobaki. Boost Override, inayoinua kilele cha kasi, nikaiongezea megahezi 50 tu. Nilipoongeza 100, viini vile viwili bora vilidai volti zao zirudishwe.

Andika namba zako kwenye karatasi. Mashine ikikataa kuwaka utalazimika kufuta CMOS, kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS, na kila ulichopanga kitapotea. Jua pia kwamba PBO inaweza kukupotezea waranti ya AMD. Mwisho nilirudisha XMP, nikarudia CoreCycler usiku mmoja zaidi, na kiini kimoja kikanidai nikirudishie hatua 2.