Mikwaruzo 11

Jumamosi, jioni

Nimeihesabu mikwaruzo mikononi nikisubiri chai ichemke. Nimetoka kuchuma mbegu za kichaka ambacho jina lake la Kiswahili, mtandamboo, silitaji mbele ya wakwe. Nyumbani tunasema mukawa. Kule nilikokwenda, upande wa Kajiado, Wamaasai hukiita olamuriaki. Wataalamu wa mimea walikizoea kwa jina la Carissa edulis, siku hizi wengi wanasema Carissa spinarum, yaani chenye miiba, na leo sina ubishi nao.

Nilifika jua halijachomoza, maana ndege hawangoji mtu. Tunda likiwa bado jekundu hutoa utomvu mweupe unaonata. Linalofaa ni lile lililoiva hadi kuwa zambarau nyeusi, laini kidogo, linaloachia kikonyo ukiligusa tu. Bahati mbaya hata tumbili wanalijua hilo. Vichaka viwili vya kwanza nilikuta vimekwisha kufagiliwa.

Huwa sichumi zaidi ya moja ya tano ya matunda yaliyoiva kwenye kichaka kimoja, na nikitoka hapo nasogea mbali, kwa kuwa vinavyokaribiana huenda vimezaliwa na mama mmoja. Ni rahisi kuandika hivyo. Kando ya njia kilikuwepo kimoja kilichoinama kwa uzito wa matunda, kingejaza mfuko wangu peke yake nikarudi kulala. Nilikizunguka mara mbili. Nikachuma fungu langu, nikala matatu, nikaondoka. Hadi saa nne nilikuwa nimepitia vichaka 26.

Kilichoniuma kuliko miiba ni mashimo. Mizizi ya mukawa huchemshwa kwenye supu ya nyama na kwenye dawa, na anayechimbia soko hung'oa yote. Supu yenyewe mimi huinywa, sijitoi.

Mzee mmoja mwenye mbuzi alinisimamia.

"Kijana, hizo za kula au za kuuza?"

"Za kupanda, mzee."

Akacheka. "Olamuriaki hupandwa na ndege."

Nikamwonyesha shimo. Akalichungulia kwa muda, akanyamaza. Kisha akasema zamani mtu alikata mzizi mmoja wa pembeni, akafukia, akaenda zake. Akachukua matunda machache mfukoni mwangu bila kuomba, akawafuata mbuzi wake huku anatema mbegu.

Mwaka jana niliyafungia matunda kwenye kopo la plastiki, nikayasahau garini siku tatu. Yalichacha, yakaota ukungu, nikamwaga yote. Safari hii nilitumia mfuko wa kitambaa, na nilipofika tu nikayaloweka, nikayasugua juu ya chujio, nyama ikaelea, mbegu zikabaki chini: bapa, nyembamba, mbili hadi nne kwa tunda. Sasa zimetandazwa kivulini juu ya gazeti. Benki ya mbegu ya Muguga huzihifadhi mbegu zilizokaushwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Friji yangu ina sukuma wiki na maziwa, kwa hiyo hizi zitaingia kwenye viriba vya kuoteshea miche wiki hii hii.

Kwenye bahasha nimeandika tarehe, idadi ya vichaka, mwinuko na mahali hasa. Hapa mahali sipataji. Wachimba mizizi nao wana simu.